Bunduki ya Manispaa

Mbwa wa mji wetu walimjua shemeji yangu kuliko walivyomjua mtu mwingine yeyote. Akikunja kona tu, hata akiwa amevaa suti ya arusi na mkononi ana mwavuli, mtaa mzima ulinyamaza. Mbwa aliyekuwa amelala kivulini aliamka akaingia chini ya kitanda cha mwenyewe, na asiye na mwenyewe aliruka ukuta. Watu walimwita Risasi. Jina lake la kweli nadhani dada yangu tu ndiye aliyekuwa bado analitumia, na hata yeye ni pale anapotaka maelezo.

Alikuwa mpiga mbwa wa manispaa. Kazi hiyo ipo, ingawa watu hawaijui mpaka mbwa wao apigwe. Kwa miaka ishirini na miwili, kila kichaa cha mbwa kilipoingia mjini, au kila mkurugenzi mpya alipotaka aonekane anafanya kazi, shemeji alifunguliwa kabati la chuma, akakabidhiwa bunduki, akapita mitaani na wabeba mizoga wawili nyuma yake. Siku hizo hakula. Alirudi nyumbani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni ya kufulia, akakaa uani akitazama ukuta. "Mdogo wangu," dada aliwahi kuniambia, "nimeolewa na mtu mwema mwenye kazi mbaya."

Mimi nilifanya kazi jengo hilohilo, upande wa pili wa korido, katika ofisi ya mifugo. Tulikuwa na vyumba viwili, meza ya saruji ya kupasulia, na friji moja ya chanjo iliyonguruma kama mzee mwenye kikohozi. Mimi nachanja, yeye anapiga. Tulitaniana kwa hilo kila siku.

"Shemeji," nilimwambia, "mimi nawapa uhai, wewe unawapokonya. Tutaonana mbele ya haki."

"Basi wachanje haraka," alinijibu, "ili mimi nistaafu."

Ulikuwa utani wa mashemeji, lakini ulikuwa na mfupa ndani yake.

Siku yenyewe ilianza na askari wa msitu. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno, mlinzi wa hifadhi inayoanzia pale mashamba ya mji wetu yanapoishia. Alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlangoni kwangu, akafunua turubai. Chini yake alilala mbwa mwitu, amekufa.

Nilikuwa nimewaona mara mbili tu maishani, tena kwa mbali. Kwa karibu ni mnyama mwingine kabisa. Manyoya yake yalikuwa na mabaka meusi, meupe na ya rangi ya kutu, kama nguo iliyoshonwa kwa viraka. Masikio yalikuwa makubwa, ya mviringo, na miguu myembamba kama ya mbuzi. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamevunjika.

"Nilimkuta mchana kweupe, peke yake, anang'ata mawe," askari wa msitu alisema. "Hawa hawatembei peke yao. Nikajua hapa kuna jambo."

Shemeji alikuwa amekuja kuniomba sukari ya chai. Alisimama na kikombe mkononi, kisha akainama akautazama mguu wa yule mnyama bila kuugusa.

"Hana kidole gumba," alisema. "Mbwa wote niliowaona wana kidole cha tano hapa juu. Huyu ana vinne."

"Huyo si mbwa wako, mzee," askari wa msitu alisema. "Ni ukoo mwingine. Wamebaki wachache duniani, na msitu huu una kundi moja tu. Mwezi uliopita nilihesabu ishirini na watatu. Jana nimeona kumi na wanne."

"Wanakufa haraka hivyo?"

Askari wa msitu alikunja turubai taratibu kabla ya kujibu. "Wakiamka wanasalimiana kwa kulambana midomo, mmoja baada ya mwingine, hakuna anayerukwa. Walioenda kuwinda wakirudi wanawatapikia nyama watoto, na mgonjwa, na aliyebaki kulinda. Mwenzao akivunjika mguu, wanamlisha mpaka apone. Sasa wewe fikiria ugonjwa unaokaa kwenye mate ukiingia katika familia ya namna hiyo."

Shemeji aliinuka. "Na wameutoa wapi?"

Nilimjibu mimi, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kujua. "Kwa mbwa wetu, shemeji. Kichaa hiki hakianzii msituni. Kinatoka mjini, kinaenda."

Akaondoka, na sukari akaisahau mezani.

Nilivaa glavu, nikatoa kichwa cha yule mnyama, nikakipakia kwenye boksi la barafu kwenda maabara. Jibu lilikuja kwa simu siku ya nne, na lilikuwa lilelile tulilolitarajia. Siku mbili baadaye, Jumanne, mkurugenzi wa manispaa akaitisha kikao.

Mkurugenzi huyo alikuwa kijana, mwenye viatu vinavyong'aa na haraka ya kupanda cheo. Sitaki kumsingizia ubaya ambao hakuwa nao. Mtoto mmoja alikuwa ameng'atwa mtaa wa stendi, yuko hospitali anadungwa sindano, na baba yake alikuwa amepiga kambi nje ya ofisi. Mkurugenzi alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukamata kile kilicho karibu na mkono wake. Kilichokuwa karibu ni kabati la chuma.

"Kuanzia kesho," alisema, "mbwa wote wa mjini wapigwe. Siku saba. Tunaokoa watoto wetu, na tunaokoa hao mbwa mwitu ambao wafadhili wananipigia simu kila saa kuwahusu. Mzee Risasi, utahitaji wasaidizi wangapi?"

Tulikuwa watu kumi na wawili kuizunguka meza ile, na feni ilikuwa inazungusha joto lilelile juu ya vichwa vyetu. Shemeji alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na mlango, mahali anapokaa siku zote. Bunduki ilikuwa mapajani mwake, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kijani, kwa sababu alikuwa ameambiwa aje nayo ikaguliwe. Alisimama.

"Sihitaji hata mmoja," alisema. "Siendi."

Mkurugenzi alidhani hakusikia vizuri. "Unaumwa?"

"Mzima wa afya. Siendi tu."

"Mzee, hili si ombi."

"Najua. Ombi ningelifikiria." Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Shemeji aliendelea, na sauti yake, ambayo kwa kawaida haivuki meza ya chakula, ilifika mpaka korido. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Nimepiga mbwa wengi kuliko watu waliomo mjini humu. Kichaa kimekwisha? Mwaka jana mlinituma mtaa wa machinjioni. Habari ilinitangulia, kama kawaida. Watu wenye mbwa wao wakawatia kwenye magunia, wakawafunga kwenye baiskeli, wakawapeleka kwa shangazi, kwa binamu, kule mashambani, ukingoni mwa msitu. Mimi nikabaki napiga wasio na mtu. Baada ya miezi mitatu mitaa ikajaa watoto wa mbwa wengine, hawajachanjwa. Na wale wa kwenye magunia, wazima na wagonjwa, wakawa majirani wa mbwa mwitu."

Nilimwona anatafuta pa kuweka macho.

"Kile kichaa nilikisindikiza mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwao. Sitakisindikiza mara ya pili."

Aliiweka bunduki mezani, juu ya karatasi za mkurugenzi, taratibu, mtutu wake ukielekea ukutani.

"Bunduki hii ni ya manispaa," alisema. "Mkono ni wangu."

Akatoka. Mkurugenzi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akasema kwamba Jumatatu ataleta wapigaji kutoka mji wa jirani, vijana, wasio na hotuba. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mama wa chanjo, una la kusema?"

"Nina chanjo elfu moja na mia mbili kwenye friji," nilisema, "na leo ni Jumanne."

Lakini nilijua kwa nini friji yangu ilikuwa imejaa. Kila mwaka nilitangaza, na kila mwaka waliletwa mbwa thelathini, au arobaini. Watu hawakuwa wavivu. Miaka minane nyuma, wakati wa mkurugenzi mwingine, manispaa ilipitisha gari la matangazo: leteni mbwa wenu uwanja wa mpira, chanjo ni bure. Watu wakaja na mbwa wao, wengine wamewaogesha. Geti likafungwa. Chanjo haikuwepo. Aliyekuwepo ni Risasi.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma za jengo. Nikakaa pembeni yake.

"Shemeji, umewasha moto. Sasa tupike nini?"

"Twende nyumba kwa nyumba."

"Na wewe? Wakikuona wewe watafungua mlango?"

"Hawatafungua," alisema. "Lakini wakikuona wewe peke yako watasema umetumwa na mimi. Afadhali waniseme nikiwepo."

Jumatano asubuhi tulianza mtaa wa stendi. Mimi nilikuwa na boksi la barafu begani, yeye kipaza sauti na furushi la vitambaa vyekundu ambavyo fundi cherehani wa jirani yetu alikuwa ametukatia usiku kucha, kila aliyechanjwa afungwe shingoni. Aliwasha kipaza sauti, kikalia, akasema, "Mimi ni Risasi. Mnanijua. Leo sina bunduki. Nipo na shemeji yangu, tunachanja mbwa. Jumatatu wanakuja watu wengine, na wao watakuwa nazo. Mwenye mbwa amlete."

Nilisikia makomeo yakifungwa, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa mtaa.

Mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa wa mwanamke anayeuza mkaa. Alikuwa amesimama kizingitini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, ameikunja kifuani. Nyuma yake niliona pua ya mbwa ikichungulia kati ya magunia.

"Risasi," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Mimi si dada yako. Uwanja wa mpira nilikuja na Bosi. Nilimwogesha kwa sabuni yangu mwenyewe. Alikuwa anakuja kwako anatikisa mkia, unakumbuka? Maana nilimfundisha asiogope watu."

"Nakumbuka."

"Uliambiwa lini kwamba ni mtego?"

Milango ilianza kufunguka kidogo kidogo. Watu walitaka kusikia. Shemeji angeweza kusema aliambiwa palepale, amefungiwa geti, hana la kufanya. Nilitamani aseme hivyo.

"Asubuhi ile, nikiwa nyumbani," alisema. "Nilikuwa na saa mbili nzima za kukataa. Sikukataa."

Mama wa mkaa alitikisa kichwa kana kwamba ndilo jibu alilolisubiri miaka yote minane. Wakati huohuo nilisikia vicheko mwisho wa mtaa, nikageuka. Dada yangu alikuwa anakuja. Alikuwa amevaa aproni yake, maana anauza chai kwenye kiwanda cha mbao, na mkononi alikuwa anavuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa mbwa jike, mnene, wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Alipomwona shemeji, yule mbwa alitia breki kwa miguu yote minne, dada akawa anamburura kama gunia.

"Huyu ni wangu!" dada alitangaza kwa mtaa mzima. "Nina naye miaka sita kule kiwandani. Anzeni na yeye, watu waone!"

"Risasi ana mbwa!" mtu alipiga kelele, na mtaa ukalipuka kwa kicheko. Watu walitoka nje wakishika mbavu. Dada alimtazama mumewe kwa hofu kidogo. "Nilikuwa nakuficha," alimwambia. "Nisamehe."

"Nilijua," alisema shemeji. "Tangu wiki ya kwanza. Unadhani mifupa ya supu ilikuwa inatembea yenyewe kutoka jikoni?"

Watu walicheka tena, ila si mama wa mkaa.

"Ulijua," alisema. "Na mtaa wa kiwanda cha mbao hukuupita hata siku moja na bunduki. Sasa naelewa kwa nini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wako ulimficha, wangu ukampiga."

Kicheko kilikatika. Hata dada aliinamisha uso. Shemeji alisimama pale, kipaza sauti kinaning'inia mkononi, na niliona kwamba hilo hakuwahi kujiambia, hata kwa siri.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo nilivyofanya."

Nilimchanja mbwa wa dada kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi, nikamfunga kitambaa. Hakulia, hakuanguka, alikula kipande cha mkate. Mama wa mkaa alimtazama. Kisha akaingia ndani, akatoka amemshika mbwa wake kwa ngozi ya shingo.

"Sijakusamehe," alimwambia shemeji. "Sikia vizuri. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mchanjeni."

Kufikia jioni tulikuwa tumemaliza mtaa wa stendi na nusu ya ule unaofuata, na mama wa mkaa alikuwa mbele yetu akigonga milango kwa ngumi. "Fungueni! Kama mimi nimefungua, ninyi mna nini?"

Walibaki wale wasio na wenyewe, wa machinjioni na wa jalalani. Hao hakuna anayewashika kamba. Tulikuwa na wavu wa kuvulia tuliouazima, lakini kila tulipousogeza shemeji alikuwepo, na mbwa wakipata harufu yake walitoweka kama moshi. Alibadili sabuni. Akavaa shati la kaka yangu. Akajipaka mafuta ya taa mpaka dada akasema kitandani haingii mtu. Haikusaidia.

Ijumaa, mama wa mkaa ndiye aliyeona. "Mnahangaika bure," alisema. "Mnamficha wa nini? Mwacheni aingie upande wa huku, ninyi wekeni wavu upande wa kule."

Ikawa hivyo. Shemeji aliingia kwenye uchochoro wa machinjioni, mikono mfukoni, anatembea polepole kama mtu anayekwenda kulipa bili ya maji. Mbwa wote waliokuwa ndani, ambao kwa siku mbili tulikuwa hatujaona hata mkia wao, walifumuka wakakimbilia upande wa pili, moja kwa moja kwenye wavu wetu. Wachinjaji walidondosha visu kwa kucheka. Tuliwachanja kumi na saba kwa mkupuo, nikiwa nimepiga magoti kwenye maji ya damu ya ng'ombe, dada kawabana vichwa kwa mfuko wa nguo, mama wa mkaa anafunga vitambaa. Shemeji alibaki mbali, mwisho wa uchochoro, ili wasizidi kuogopa. Yeye hakucheka. Nilipomtazama alikuwa amegeuza uso.

Jumapili jioni friji ilikuwa na chupa chache tu.

Wapigaji watatu walifika Jumatatu saa mbili asubuhi, wakashuka kwenye gari mbele ya ofisi ya manispaa. Mkurugenzi alitoka kuwapokea, akasita kwenye ngazi. Uwanja ulikuwa umejaa. Wenye mbwa walikuwa wamekuja nao, vitambaa vyekundu vimejaa kama soko la nguo, na waliokuja bila mbwa walikuwa wamekuja kutazama. Baba wa yule mtoto aliyeng'atwa alikuwepo pia. Mwanawe alikuwa amemaliza sindano tatu na alikuwa anaendelea vizuri, na baba alikuwa ameshika kamba ya mbwa wa jirani yake.

Nilimpa mkurugenzi daftari langu. "Mbwa elfu moja, mia moja na arobaini. Kila mmoja ameandikwa, na wa machinjioni wameandikwa kwa wachinjaji, wamekubali kuwatunza. Mbwa aliyechanjwa, mwenye mwenyewe, sheria ya manispaa haikuruhusu kumpiga. Kifungu kipo, nimekiwekea alama."

Alisoma. Masikio yake yalibadilika rangi. "Na ambao hawamo humu?"

"Tupe wiki moja," shemeji alisema kutoka nyuma.

"Wewe huna cha kupewa," mkurugenzi alimjibu. "Wewe umefukuzwa kazi kuanzia leo. Umekaidi amri halali mbele ya mashahidi kumi."

"Hata ishirini ningekaidi."

"Umebakiza miezi minane kustaafu, mzee!" Na hapo nilisikia kitu kama huruma kwenye sauti ya kijana yule. "Miezi minane. Andika barua ya kuomba radhi, mistari miwili, yaishe."

Shemeji alimtazama kwa utulivu, kama baba anavyomtazama mwana aliyekosea hesabu. "Mwanangu, radhi ninazodaiwa ni nyingi, na hakuna hata moja inayokuhusu wewe."

Mkubwa wa wapigaji, mwenye bunduki begani, aliutazama uwanja, akavitazama vitambaa, akamtazama mama wa mkaa aliyekuwa amesimama hatua mbili mbele yake na mbwa miguuni. "Bosi," alimwambia mkurugenzi, "hapa unipige picha tu nirudi. Mimi kesi siwezi."

Waliondoka kabla ya saa nne. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaitumia kuwekea alama kwenye daftari.

Mtu akidhani huo ndio ulikuwa ushindi wetu, hamjui adui mwenyewe. Kichaa hakisomi daftari. Wiki hiyohiyo askari wa msitu alileta mizoga miwili mingine, na iliyofuata mitatu. Kumi na wanne wakawa tisa, wakawa sita. Aliniletea habari hizo bila kukaa chini, na nilipomuuliza kama waliobaki watapona alisema, "Usiniulize mimi. Waulize mbwa wa mashambani."

Kwa hiyo tulikwenda mashambani. Manispaa haikutupa gari. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi na shemeji asiye na kazi, na chanjo mpya nilizopigania kwa barua sita. Tulianza na wale wa kwenye magunia, mashangazi na mabinamu wote. Huko hawakuwa na kinyongo cha uwanja wa mpira. Walikuwa na kingine.

"Mbwa mwitu?" alisema mzee mmoja mfugaji, ambaye boma lake lilikuwa la mwisho kabisa kabla ya miti. "Wamenilia mbuzi wanne. Wafe. Wakifa wote nitachinja."

"Nimesikia, baba," shemeji alisema. "Tumekuja kumchanja mbwa wako."

"Hachanjwi. Mbwa wangu akiwaambukiza, ndiyo kazi yake hiyo, ananilindia mbuzi."

"Kabla hajawaambukiza wao atamng'ata mbuzi. Kabla ya mbuzi atamng'ata mjukuu wako yule pale. Kichaa hakina rafiki, baba, hata wewe uliyekifuga."

"Nimesema hachanjwi. Ondokeni."

Nilianza kukunja kamba. Shemeji aliegemeza baiskeli kwenye mti, akatafuta gogo, akalifuta vumbi, akakaa.

"Nimekwambia uondoke!"

"Nimesikia. Lakini manispaa imenifukuza kazi, baba, sina pa kuwahi. Nitakaa."

Na alikaa. Mzee alifoka, akaingia ndani, akatoka, akafoka tena. Alitishia kuita watoto wake. Shemeji akasema waje, na wao tuwaeleze. Jua lilipanda likatukuta palepale. Mke wa mzee alituletea maji, mumewe akamkaripia, akatuletea tena. Kufikia saa nane mbwa mwenyewe, kijana mrefu mwenye kovu puani, alikuwa amechoka kubweka. Alimzunguka shemeji kwa mbali, kisha kwa karibu. Huyu alizaliwa huku. Hakuwa amesikia habari zake. Alinusa kiatu chake, akalala juu yake.

Shemeji hakusogea. Hakushusha hata mkono kumgusa. Nilimwona ameuma mdomo wa chini, macho yametua mbele kwenye miti, machozi yanateremka na yeye hayafuti, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Mzee naye aliona. Alisimama mlangoni.

"Hivi wewe ni mwanamume wa namna gani?" aliuliza mwishowe.

"Mbishi," nilimjibu mimi, nikifungua boksi la barafu. "Mshike kichwa mbwa wako, baba, nifanye kazi yangu."

Akaja, akamshika.

Tulizunguka ukingo wote wa msitu miezi miwili na nusu. Wale sita hawakupungua. Kiangazi kilipoingia askari wa msitu alikuja ofisini, safari hii akavuta kiti, akakaa, akaniambia kwamba jike mkubwa amechimba pango na kuna watoto, hajaweza kuwahesabu, wanatoka na kuingia kama siafu. Shemeji alikuwa uani nyuma ya ofisi anaziba pancha ya baiskeli, kwa sababu kulikuwa na maboma kumi na moja upande wa mtoni yaliyokataa kutufungulia, na alikuwa ameniapia kwamba kabla ya mvua watafungua.